Usikunje Palepale

Baba alinipa kazi kabla ya viatu:
nilikuwa koki.
Boza lilipopanda Newala kutoka bonde la Kitangari,
likihema, likitemea moshi maua ya mikorosho,
mimi ndiye niliyechuchumaa mwisho wa mpira,
miaka tisa, magoti mekundu kwa udongo,
nikingoja neno moja.

"Bana!"

Nikaukunja. Mpira ukapata kiwiko,
ukavimba nyuma ya ngumi zangu
kama shavu la mtu aliyekatizwa usemi,
na pale penye mkunjo pakatoka jasho,
tone,
tone,
baba akiyatazama
kama anayeona sarafu zake zikitumbukia chooni.

"Achia!"

Ndoo ya Somoe Nandonde ikaanza kunguruma,
nene kwanza, kisha nyembamba, nyembamba zaidi,
hata nikajua ujazo kwa sikio:
ikifikia sauti ya mtu anayeita mbuzi,
bado vidole vinne.

Maji yale hayakuwa na mwenyewe mpaka yamwagike.
Kikombe kimoja kikienda chini, wadai kumi.
Bibi Chilumba akawahi kutega sahani chini ya mkunjo wangu,
akasema hili jasho si la boza, ni la mtoto,
na mtoto hauzi.
Akaondoka na nusu sahani,
shingo imenyooka kama aliyeshinda kesi.

Siku mpira ulipopasuka mikononi mwangu
nililoa mpaka kitovuni, nikajikunyata kungoja kofi.
Kofi halikuja.
Baba aliushika ule ufa, akaupapasa,
akauviringishia kipande cha mpira wa baiskeli,
akaongea na mpira, si na mimi:
"Unakunjwa palepale kila siku.
Kitu ukikikunja palepale
kinajifunza kukatika."
Kisha kwangu: "Sogeza shubiri moja.
Kesho sogeza tena."

*

Sasa niko Ligula, wodi ya wanaume.
Koki yangu ni ndogo kuliko ukucha wa dole gumba,
kigurudumu cheupe kwenye mrija wa dripu.
Nakisukuma chini, maji yananyamaza.
Nakirudisha, yanadondoka kwa hesabu.
Hapa hakuna foleni ya madumu,
hakuna anayemkanyaga mwenzake kidole.

Kitanda cha saba ni baba.
Mzee Dadi Mkwepu, amefumba macho,
mishipa yake imejificha kama wadaiwa.
Namtundikia chupa ya pili.
"Hiyo lita ngapi?"
Nusu.
"Shilingi ngapi?"
Nikataja bei, nimeipunguza zaidi ya nusu.
Akacheka kwa pua.
"Umepigwa. Bondeni bure."

Usiku nilikuwa kitanda cha kumi na moja,
nimeshika mguu wa kijana wa bodaboda
aliyekuwa akimtukana daktari na mama yake daktari,
nikasikia sauti ile, sasa imechakaa pembeni:

"Bana!"

Wodi nzima ikaamka.
Dole gumba langu lilifika kabla yangu.
Chupa ilikuwa tupu, na tone la mwisho
limesimama kwenye mrija, shubiri tatu juu ya mkono wake,
halijui limwendee nani.

Umejuaje, baba?

"Sauti imekuwa nyembamba."

Nikainamisha sikio kwenye mrija.
Sikusikia kitu. Nasema kweli,
feni tu, na mtu wa mlangoni akikohoa.

Asubuhi mkono ule ulikuwa umevimba
nyuma ya plasta, shavu lilelile.
Nikachomoa sindano, nikabonyeza pamba,
nikasimama na trei nikitafuta la kumwambia.

Alinyoosha mwenyewe mkono wa pili.
Kwa vidole vile vilivyovimba
akapima kutoka kiwikoni,
kidole gumba hadi cha mwisho,
akaacha alama ya ukucha.